Kwa Pishi ya Mwajabu

Watu wa Kichuguu wana maringo, na hawaoni sababu ya kuyaficha. Mji wao ni jabali moja lililochimbwa ndani mpaka vikatoka vyumba elfu tatu. Linaelea pembezoni mwa mahali ambapo galaksi mbili zinagongana, na hakuna mji mwingine wa binadamu uliowahi kuthubutu kusogea karibu hivyo. Waulize nani aliyewatuma huko, watakwambia walijituma. Waulize wanafanya kazi gani, watakujibu bila haya hata chembe kwamba wanazalisha nyota, na wewe je, kwenu mnazalisha nini?

Ndiyo maana asubuhi ile, siku tatu kabla Mchi, mtambo wao wa kubana mawingu, haujashuka, Nyamizi alipoliona jibu lilelile kwa mara ya tisa katika mitambo ya Chumba cha Mizani, kitu cha kwanza alichofanya ni kuinuka na kufunga mlango. Hakutaka mtu apite akamwona. Mpimaji wa Kichuguu hatakiwi kuonekana na uso wa namna ile.

Jibu lenyewe lilikuwa fupi. Wingu walilokuwa wakilingojea kwa miaka thelathini, lile ambalo baada ya siku tatu lingebanwa mpaka lizae jua la mji, lilikuwa jepesi. Wala si jepesi kidogo, la mtu kusema hewala, tutavumilia. Lilikuwa jepesi mara tano kuliko kila mtu alivyoamini.

Mgeni angeuliza, kwani wingu la angani linapimwaje? Nyota huzaliwa kutokana na haidrojeni baridi, na haidrojeni baridi ina tabia ya bibi harusi wa zamani: imekaa ndani, imejifunika gubigubi, haisemi na mtu. Lakini haikosi mshenga. Mshenga wake ni gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo ni haba sana ila ina mdomo, na redio huisikia kutoka mbali. Wapimaji husikiliza kelele za mshenga, kisha huzizidisha kwa namba fulani ili wajue uzito wa wote waliojifungia ndani. Namba hiyo Kichuguu huiita pishi. Kila mkunga mkuu ana pishi yake, aliyoitafuta kwa jasho lake, na huchorwa kwa alama ndani ya kopo la shaba linalowekwa mezani siku za uzazi.

Pishi iliyokuwa ikitumika ilikuwa ya Bibi Mwajabu, bibi yake Nyamizi, mama mzazi wa mama yake. Aliipata ujanani, kabla mji haujafika hapa, katika mawingu ya galaksi ya mbali iliyotulia, na kwa pishi hiyo alizalisha nyota arobaini na moja bila kukosea hata moja. Nne na theluthi. Mtoto wa Kichuguu huijua namba hiyo kabla hajajua kufunga viatu. Na upo mwiko: pishi ya mkunga haipimwi upya yeye akiwa hai. Kuipima ni kumwambia mbele za watu kwamba macho yake yamekwisha. Mkunga akifa, hapo ndipo warithi hukaa chini, wakaangalia, na jina jipya likaandikwa katika Kitabu cha Uzazi. Tangu mji uwe mji, halijawahi kuandikwa jina jipya mwenye pishi akiwa bado anapumua.

Nyamizi alikuwa ameuvunja mwiko huo, na kilichomfanya auvunje ni mzaha tu.

Mzaha ulitoka kwa Mwinyikombo, mkuu wa Chanzi. Chanzi ni mji mdogo wa watu mia sita na kumi na wawili, uliotia nanga upande wa pili wa wingu, na watu wake ni watani wa watu wa Kichuguu tangu babu na babu. Wa Chanzi huwaita wa Kichuguu mchwa; wa Kichuguu huwaita wa Chanzi watu wa kivulini; na hakuna anayekasirika, maana kumkasirikia mtani ni ushamba. Wiki mbili zilizopita Mwinyikombo alifika na wageni watano kwa ajili ya sherehe, safari ya siku sita kwa njia za mkato. Alimkuta Nyamizi bandarini miongoni mwa wenyeji.

"Nyie mchwa," alisema kwa sauti ya kusikika na wote, "hilo wingu mnalojisifia, mbona jembamba kama uji wa mgonjwa? Mke wangu akifungua pazia la jikoni anaziona taa za kwenu. Mnamchungulia akipika?"

Watu walicheka. Nyamizi naye alicheka, kisha akaenda Chumba cha Mizani kutafuta namba ya kumfungia mtani mdomo. Alimwacha mshenga, akapima vumbi. Kila wingu lina vumbi lake, na vumbi lina joto dogo ambalo halijui kupiga kelele; ukishalijua vumbi, gesi umeijua. Alitaka kwenda kumwambia Mwinyikombo, haya, wingu lako hili hapa, limepimwa mara mbili. Namba ya kumfungia mdomo hakuipata.

Sababu aliielewa siku ya nne. Galaksi zinapogongana, nyota zenyewe hazigongani. Zimeachana mno, hupishana kama watu sokoni. Kinachogongana ni gesi. Hubanwa, hupashwa moto, huvurugwa, na nyota huzaliwa kwa fujo, mia mahali ambapo galaksi iliyotulia ingezaa moja. Katika vurugu hiyo mshenga naye hupata joto akapaza sauti kuliko kimo chake. Pishi ya Bibi Mwajabu ilikuwa kweli kabisa kule ilikotoka. Hapa harusini ilikuwa inasikia vigelegele vya mtu mmoja na kuandika watu watano.

Siku zilizofuata alipima tena na tena. Na sasa, mara ya tisa, alikaa nyuma ya mlango uliofungwa asithubutu kutoka, kwa sababu alijua ni nani aliyekaa nyuma ya lile wingu.

* * *

Mzee Lugendo, mkuu wa Chama cha Wakunga, alikuwa amesimama katikati ya vitambaa vya mapambo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti. Umekuja wakati mzuri. Hiki cha kijani au hiki cheupe?"

Nyamizi alimpa karatasi. Mzee Lugendo alikuwa mpimaji miaka ya nyuma, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa. Alisoma mara moja akiwa amesimama, mara ya pili akiwa amekaa. Mara ya tatu alivua miwani.

"Umeipima pishi ya Mwajabu."

"Nimeipima."

"Na yuko hai."

"Yuko hai, Mzee. Na Chanzi wako hai pia. Ndiyo maana nimekuja."

Mchi wa Kichuguu haukuwa mchi wa kutwangia mpunga. Ulikuwa nguzo ya mitambo ya uvutano, ndefu kiasi cha chombo kusafiri nusu siku kuimaliza, iliyojengwa kwa miaka thelathini na kuelekezwa upande mmoja tu. Ukishuka, hutoa wimbi la mgandamizo linalopita njia zilezile za mkato wanazopita wasafiri, na kulibana wingu zima kwa saa moja, kazi ambayo wingu lenyewe lingeifanya kwa miaka laki tano. Wingu zito hulimeza wimbi lote na kuligeuza kuwa nyota. Wingu jepesi nalo huzaa, ila halina tumbo la kumeza wimbi lote. Linalobaki hutokea upande wa pili likiwa na nguvu zake.

"Nyota itazaliwa?" Mzee Lugendo aliuliza.

"Itazaliwa. Ndogo kuliko tulivyotangaza, lakini baada ya miezi tisa tutakuwa na jua."

"Na Chanzi?"

"Mara saba katika kumi, Chanzi inapasuka."

"Kwa hiyo mara tatu katika kumi, hakuna linalotokea."

"Mzee!"

"Nauliza tu. Usinitolee macho, hata mimi nina moyo." Aliikunja karatasi, akaikunjua. "Tuwahamishe?"

"Siku sita kufika kule. Injini za Chanzi ziling'olewa zamani, mji hausogei. Na wingu litakaa katika umbo hili siku tatu tu. Baada ya hapo mikondo miwili inaachana na gesi inatawanyika."

"Lingine kama hili?"

"Labda miaka thelathini."

"Bibi yako ana miaka themanini na minane," alisema Mzee Lugendo, akavaa tena miwani.

Mzee Lugendo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa utaratibu, na katika utaratibu mtu anaweza kujificha vizuri sana bila kuonekana amejificha. Alizaliwa chini ya taa, baba yake alikufa chini ya taa, na watu elfu sita wa Kichuguu walikuwa wakila mboga zilizoota chini ya taa na kusema si neno, jua linakuja. Alimwambia Nyamizi haya yote, tena kwa upole. Mwisho akasema kwamba chama hakina mamlaka ya kuisimamisha pishi ya mkunga aliye hai. Mwenye uwezo huo ni mwenye pishi peke yake.

"Nenda kamwambie," alisema. "Ni bibi yako. Mimi nitafuata atakalosema."

Nyamizi alitoka akiwa na hasira, na alipofika mwisho wa ukumbi aligundua kwamba hasira ile haikuwa ya Mzee Lugendo. Alikuwa anamwogopa bibi yake kama mtoto aliyevunja chungu.

* * *

Bibi Mwajabu alikuwa ananyanyua unga.

Mkono wa Mchi, yaani wenzo wa kuushusha, lazima uvutwe na mkunga mwenyewe, kwa mkono wake wa kulia, na ni mzito kwa makusudi. Wahenga hawakutaka mtu azalishe nyota kwa bahati mbaya. Kwa hiyo bibi yule alikuwa amefunga mfuko wa unga wa kilo kumi kwenye kamba, kamba akaipitisha juu ya bomba la dari, na kila asubuhi aliivuta huku akihesabu. Shingoni mishipa ilimsimama.

"Kumi na tisa… ishirini… Ni nani huyo?"

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Usinisimamishe, nikisimama mkono unaganda. Ishirini na moja. Mwezi uliopita nilikuwa naishia nane. Waambie hao vijana wenu wa chamani wanaosema niletewe msaidizi, waje hapa tushindane."

Nyamizi alicheka bila kutaka. Alimpenda bibi huyu kupita kiasi, na alijivunia kila kitu chake: sauti yake ya kuamrisha, nywele alizokataa kuzifunika, hata uongo wake mdogo kuhusu wanaume waliomposa.

"Unajua nitafanya nini jua likitoka?" Bibi Mwajabu aliuliza, akauachia mfuko ukashuka. "Nitatoa kiti hadi dirisha la ukumbini nikae kutwa nzima nikiangalia kivuli changu. Kivuli cha taa hakitembei, kimeganda ukutani kama doa. Nataka kukiona changu kinatembea kabla sijafa. Nyota arobaini na moja nimezalisha, mwanangu, zote za wengine. Tunazalisha, tunafunga mizigo, tunaondoka. Hii ni ya kwetu."

"Bibi," alisema Nyamizi. "Kuhusu pishi…"

Bibi Mwajabu aligeuka. Macho yake yalikuwa makali na mazima kabisa. "Pishi yangu ina nini?"

Kopo la shaba lilikuwa pale kwenye rafu. Nyamizi aliliangalia, akaliangalia pia jasho lililokuwa likimtiririka bibi yake shavuni, akalichukua kopo.

"Nimekuja kulisugua kopo," alisema. "Ling'ae siku ya sherehe."

Akalisugua kweli, pale pale, kwa majivu na kitambaa, huku bibi yake akianza tena kuhesabu. Lilipong'aa aliuona uso wake ndani, na aliuchukia.

* * *

Siku ya Mchi taa zote za Kichuguu ziliwashwa mpaka mwisho, saa sita mchana, na mji mzima ukajaa ukumbini. Kulikuwa na pilau ya masufuria thelathini. Wanawake walivaa vitambaa vya kijani, maana kijani ndicho kilichoshinda. Ukuta wa mbele ulikuwa dirisha, na ndani ya dirisha lilikaa wingu, jeusi kwa vumbi, huku nyuma yake galaksi mbili zikiwa zimeshikana mikono mirefu ya nyota. Ulikuwa mwonekano wa kumfanya mtu ajisikie mkubwa, na watu wa Kichuguu hawakuhitaji kusaidiwa katika hilo.

Bibi Mwajabu alikuwa jukwaani, mkono wake wa kulia tayari umeushika mkono wa Mchi. Nyamizi alisimama hatua tatu mbele yake, kama desturi inavyotaka. Hakuwa amelala siku tatu. Usiku wa kwanza alijiambia atasema asubuhi. Siku ya pili alijiambia kwamba tatu katika kumi si haba. Hilo la pili ndilo lililomwumiza zaidi, kwa sababu alilisema kwa sauti ya Mzee Lugendo.

Maswali ya uzazi ni matatu. La kwanza huulizwa na mkuu wa chama, la pili na mwenye pishi, la tatu na mtani. Wahenga waliona mbali: ndugu ataogopa kukuudhi, mtani haogopi.

"Mpimaji, umepima?" aliuliza Mzee Lugendo. Hakumtazama.

"Nimepima."

"Umepima kwa pishi ya nani?" aliuliza Bibi Mwajabu, na sauti yake ikafika mpaka mlango wa nyuma.

"Kwa pishi ya Mwajabu."

Hapo mpimaji huongeza, "na pishi imetosha." Nyamizi hakuongeza. Vigelegele vilikuwa vimeshaanza na hakuna aliyegundua, isipokuwa bibi yake, ambaye nyusi zake zilisogea.

Mwinyikombo alijitokeza amevaa kofia mpya, tumbo mbele, akiwapungia watu mkono kana kwamba sherehe ni yake. Ukumbi ukaanza kucheka kabla hajafungua mdomo. "Na sisi tunaokaa nyuma ya wingu," alisema, "wewe mchwa wa kike, umetupima?"

Jibu la swali la tatu lina sehemu mbili. Kwanza mpimaji humtukana mtani, tena tusi la kukumbukwa, kisha husema, "Mko salama." Watu elfu sita walisogeza masikio wasipitwe na tusi.

"Nimewapima," alisema Nyamizi. "Mchi ukishuka leo, mtakufa."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Mtu mmoja alipiga sufuria kwa mwiko. "Afadhali kufa kuliko kula pilau yenu!" alijibu Mwinyikombo papo hapo, na kicheko kikaongezeka, watu wakashikana mabega. Nyamizi alisimama katikati ya furaha ile akiwa peke yake. Hakuwahi kufikiria kwamba angesema kweli mbele ya mji mzima na mji mzima usimsikie.

Wa kwanza kuacha kucheka alikuwa Mwinyikombo. Mtu anayejua utani sana ndiye anayejua ulipokwisha.

"Mtani," alisema kwa sauti ya chini, "hilo halikuwa na chumvi. Sema tena."

"Wingu ni jembamba kama uji wa mgonjwa. Ulisema wewe mwenyewe. Nimelipima kwa vumbi. Wimbi litatokea kwenu, kwa mkeo na kwa wote, na mji hautahimili."

Kicheko kilikatika mstari kwa mstari, kuanzia mbele kwenda nyuma, mpaka ikasikika sufuria moja inayochemka. Mzee Lugendo alisimama. "Ndugu zangu, utaratibu unasema pishi ya mkunga aliye hai…"

"Kaa, Lugendo," alisema Bibi Mwajabu. Akakaa.

Mkono wa bibi ulikuwa bado umeushika mkono wa Mchi. Nyamizi aliuona msuli uliotengenezwa na mfuko wa unga. Hakuna mtu ukumbini aliyekuwa na haki ya kuugusa mkono ule. Kama angetaka kuvuta, angevuta.

"Nani alikuruhusu kuipima pishi yangu?"

"Hakuna, Bibi."

"Mimi nimekufa?"

"Uko hai."

"Macho yangu yamekwisha?"

"Hayajakwisha. Pishi yako ni kweli, kule ulikoipata. Hapa gesi imevurugwa, mshenga mmoja anapiga kelele za watu watano. Hata angekuwa nani, kwa pishi ya kule angekosea."

"Umepima mara ngapi?"

"Mara tisa."

"Mbili zinatosha. Nimekufundisha mbili. Kwa nini tisa?"

Nyamizi alitaka kujibu kama mpimaji, kwa sauti kavu. Badala yake alilia, mbele ya mji mzima na mbele ya watani. "Kwa sababu kila mara nilikuwa nataka uwe umepatia wewe," alisema.

Bibi Mwajabu aligeukia dirisha. Aliliangalia wingu muda mrefu, kama mtu anavyoangalia nyumba aliyoijenga akaambiwa haamii. Kisha alifungua vidole vyake, kimoja kimoja, maana vilikuwa vimekaza, na mkono wa Mchi ukabaki mahali pake.

"Funga," alimwambia fundi. Kufuli likalia.

Kutoka nyuma mwanamume mmoja alipiga kelele, "Na jua letu?" Mwingine akaanza kulia kwa sauti. Bibi Mwajabu alishuka hatua moja na kuwatazama wote.

"Jua letu? Mimi ndiye niliyelingoja kuliko nyote. Nani anataka kulia kabla yangu? Ajitokeze nimwone." Hakujitokeza mtu. "Nimezalisha nyota arobaini na moja, na hakuna hata moja iliyomchoma mtu kidole. Huo ndio ukunga. Kuwasha moto tu, hata mjinga anawasha. Leo mmemwona mpimaji wa Kichuguu amesimama mbele ya pishi ya bibi yake, akaikataa, kwa ajili ya watu wasio wake. Mnajua nani aliyemfundisha? Ni mimi. Basi asinionee mtu huruma hapa, huruma yenu sina pa kuiweka."

Nyamizi alijihisi ameinuliwa kutoka chini. Alikuja pale akitegemea kulaaniwa, na sasa alijivuna mpaka kifua kikamwuma, akajua kwamba maringo ya watu wake yalikuwa na maana kumbe, na kwamba siku tatu zote alikuwa ameyaogopa bure.

Mwinyikombo alikuwa hajasogea. Alivua kofia, akaivaa tena. Halafu akajikohoza. "Kichuguu leo mmefiwa na jua," alisema. "Msiba hauishi bila watani, na desturi mnaijua. Pilau ni yetu." Akaenda moja kwa moja kwenye sufuria ya kwanza, akakaa sakafuni, akavuta sinia, na wenzake watano wakamfuata. Alikula tonge la kwanza na la pili machozi yakimwingia katika ndevu. Baada ya la tatu akainua kichwa.

"Nilisema," aliwaambia. "Haina chumvi."

Mtu mmoja alicheka, wa pili akafuata, kicheko kibovu cha watu wenye machozi, kisha wakaanza kusogea kwenye masufuria.

Mzee Lugendo alikuwa amekishika Kitabu cha Uzazi, ameduwaa nacho. Alimwambia Bibi Mwajabu kwa unyonge kwamba ukurasa wa leo watauacha mtupu, kwa kuwa hakuna kilichozaliwa.

"Lete kalamu," alisema bibi.

Mkono uliokuwa ukinyanyua unga ukaishika kalamu. Aliandika polepole, kwa herufi kubwa. Nyamizi alisoma juu ya bega lake. Mistari yote arobaini na moja iliyotangulia ilikuwa na mwisho mmoja, jina moja. Wa leo ulisema:

*Leo haikuzaliwa nyota. Watu mia sita na kumi na wawili wa Chanzi wamekula chakula cha mchana. Kwa pishi ya Nyamizi.*